Usisafishe Kabla Mgeni wa Bima Hajafika

Maman présidente wa kikundi chetu, mamans wote, mapapa, na ninyi dada zetu wa Tanzania mnaopenda kukaa karibu na joto la radiateur, habari za mchana. Mtaniruhusu niongee nikiwa nimekaa. Tangu alfajiri nimesukuma vigari vya chakula kwenye korido za hospitali kule Jette, na miguu imesema leo basi. Nitajaribu Kiswahili cha kitabu ili na wenzetu wa Bujumbura na wa Dar wanielewe. Nikichoka nitarudi kwa kile cha Lubumbashi, na mtavumilia.

Présidente ameniomba niwaambie habari ya maji. Nilimwambia habari yenyewe haina muujiza, hakuna aliyefufuka. Akasema, “Njo vile, maman, sema tu vile ilikuwa.” Donc, basi, nasema.

Wengi mnaijua nyumba yangu ya Laeken. Ghorofa ya tatu, jengo la nyumba tisa, kila nyumba na mwenyewe. Tuliinunua mimi na marehemu mume wangu, naye hakumaliza mwaka ndani yake. Kitu alichowahi kufanya ni kupaka rangi chumba cha binti yetu. Manjano. Nilimwambia manjano hiyo inaumiza macho, akacheka, akapaka mara ya pili. Kisha tukabaki wawili, mimi na mtoto. Sasa ana miaka tisa.

Doa la kwanza lilitokea kwenye dari ya chumba hicho, juu ya kabati. Lilikuwa dogo kama kisosi. Baada ya wiki moja likawa kama sahani, na tone la kwanza likaangukia kwenye godoro la mtoto. Nikapanda juu kumwona jirani.

Sitamtaja. Ni papa mmoja wa kwetu, wa Katanga, mtu mzima, ana nyumba yake pale juu kama mimi nilivyo na yangu. Siku tulipohamia alishuka na mfuko wa unga wa mahindi. Mume wangu alipofariki, ndiye aliyesimama mlangoni kwangu siku tatu akipokea watu wa matanga. Huyo ndiye papa ninayemsema. Alinifungulia, akanisikiliza, akashika kichwa.

“Mutoto yangu,” akasema, “ile ni maji kidogo tu. Tutapanga sisi wenyewe. Tafadhali, usinipeleke ku assurance.” Yaani kwa watu wa bima.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu mwingine hapa mjini angeshangaa kusikia hivyo. Mimi sikushangaa, na ninyi hamshangai, nawaona mnatikisa vichwa. Kwetu, karatasi ikiandikwa jina la mtu na kupelekwa ofisini, mtu huyo ameshtakiwa. Nami nimshtaki mzee aliyenipokelea msiba? Nikasema, hapana papa, tutapanga.

Alimleta fundi, mtu wa kanisani kwake. Fundi akakaa nusu saa, akazungusha silikoni mpya kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akanywa chai, akaenda. Wiki mbili dari ikatulia. Tukapongezana kwenye ngazi. Halafu doa likarudi, likaleta na wadogo zake.

Nikatafuta beseni la plastiki, lile la bluu la kufulia, nikaliweka chini ya doa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini namwaga. Nikirudi, namwaga. Kitanda tukakisogeza upande wa dirisha. Nilikuwa nikikutana na papa kwenye ngazi, ananiuliza, “Na ile maji?” Namjibu, “Iko inapunguka, papa.” Ilikuwa haipungui. Lakini uso wake ulikuwa unalegea nikisema hivyo, nami nilipenda kuuona ukilegea.

Kisha likaja kuvu. Lilianzia nyuma ya kabati, jeusi, likapanda ukutani likila ile manjano. Mtoto akaanza kukohoa. Nilimpa asali, nilimpa tangawizi, nilimpa sirapu ya duka la dawa. Daktari akamsikiliza kifua, akaniuliza analala wapi. Nikamwambia. Akasema, “Madame, mtoto asilale tena ndani ya chumba hicho.” Sebuleni kwangu ni baridi na kochi ni la watu wawili. Dada yangu anayekaa hapa Ixelles akasema, mulete hapa wiki mbili, upange kwanza mambo yako. Nikampeleka kwa basi, na begi la shule, na mto wake.

Wiki mbili zikawa mwezi. Mwezi ukawa miezi minne.

Hapa ndipo présidente alitaka niseme ukweli, donc nauweka mezani. Sikulia. Nilirudi kutoka Ixelles, nikafunga mlango wa chumba, nikamwaga beseni, nikapika ugali wa mtu mmoja. Watu waliniuliza, mtoto hajambo? Hajambo. Wewe je? Mzima. Hata sikuwa nadanganya. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi. Unajua ukikalia mguu muda mrefu, halafu mtu anaugusa, unaona anagusa lakini husikii? Mimi nilikuwa hivyo mzima mzima. Jumapili nakwenda Ixelles, nasuka nywele za mtoto, nasikia anaongea, naitikia. Narudi. Namwaga beseni. Kazini walinisifu, wakasema tangu lini maman huyu amekuwa mtulivu hivi.

Nilikuwa nimeyazoea maji kuliko nilivyomzoea mtoto wangu, na hilo nalisema hapa kwa mara ya kwanza.

Alors. Chini yangu anakaa mama mmoja wa Kibelgiji, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Mwezi wa saba tangu doa la kwanza, maji yakamfikia na yeye. Aligonga mlango wangu saa tisa mchana, akanionyesha picha kwenye simu, doa dogo tu. Saa kumi alikuwa amekwisha kumwandikia syndic, yaani yule anayesimamia jengo kwa niaba yetu wote wenye nyumba. Yeye ilimchukua saa moja. Mimi miezi saba. Wala hakunisema vibaya. Aliniuliza tu kama kwangu pia kuna shida, nikasema kidogo.

Syndic akapiga simu: Alhamisi saa nne atakuja expert, mtu wa bima wa kutazama uharibifu, ataingia nyumba zote tatu, ya chini, yangu, na ya juu. Mimi nikafanya kosa la kuwaambia mamans wa kikundi hiki kwamba nina mgeni Alhamisi.

Msicheke. Msicheke, kwa sababu ni ninyi.

Jumatano mlifika sita. Mlikuwa na ndoo, na javel, ile dawa ya kung’arisha, na brashi za kusugua, na mmoja wenu, sitamtaja lakini amevaa kitenge cha wax ya kijani, alikuwa na ngazi ya kukunja aliyopanda nayo kwenye tramu. Nilisimama kwenye mlango wa chumba, nikasema labda tuache kwanza, mtu wa bima aone. Maman mmoja akaweka mikono kiunoni.

“Mugeni anakuya mu nyumba yako, akute ile buchafu? Batasema nini juu yetu? Batasema bale batu ya Congo njo vile banaishi!”

Nami nikamwona ana haki. Tumelelewa hivyo, sisi wote. Mgeni akija, nyumba inang’aa, hata kama wenye nyumba wanaumwa. Na mgeni mwenyewe Mzungu, na karatasi mkononi. Bon. Tukasugua. Kuvu likatoka, ukuta ukabaki na makovu, mkasema tupake rangi. Ndoo ya nyeupe nilikwenda kuinunua mimi mwenyewe. Tukapaka dari, tukapaka kuta. Manjano ya mume wangu ikaingia chini ya nyeupe, nikiitazama, nikiwa nimeshika brashi, na sikusikia kitu. Kitanda na godoro na kabati na zulia mkavishusha kwenye ngazi mkiimba, vikaenda kutupwa. Jioni chumba kilikuwa kitupu na cheupe kama ofisi. Mkanikumbatia, mkaenda zenu. Mlinipenda siku ile, sikatai.

Alhamisi niliamka nikakaanga mikate, yale maandazi yetu ya mviringo. Expert alifika saa nne kamili, kijana mwenye koti la mvua, akafuta viatu mlangoni. Akaingia chumbani. Akatazama dari. Akatazama kuta. Akazunguka mara moja, akaniangalia.

“C’est où, le dégât, madame?” Uharibifu uko wapi?

Nikanyoosha kidole kwenye dari nyeupe. Akauliza, kwani maji yalikuwa mengi? Na mimi, ndugu zangu, nikamfikiria papa. Nikasema, “Un petit peu.” Kidogo tu. Akaandika. Akapanda juu, akagonga, papa hakufungua. Nilisikia kandambili zake zikitembea ndani, nadhani hata expert alizisikia. Akashuka kwa mama wa chini, ambaye hakuwa amegusa kitu, doa lake liko palepale, na chini yake ameweka hata rula ili lionekane ukubwa. Mikate yangu hakuila. Nilikula mimi, jioni, yote.

Baada ya siku kumi syndic akanitumia ripoti. Mama wa chini atatengenezewa dari. Nyumba ya ghorofa ya tatu: hakuna uharibifu unaoonekana. Chanzo cha maji: hakijulikani. Nilisoma nikiwa nimesimama chumbani, na pale kwenye rangi yetu mpya doa lilikuwa limeanza tena, dogo kama kisosi. Nikaenda kuchukua beseni la bluu.

Jumapili ile nikaenda Ixelles. Nasuka nywele. Rafiki wa mtoto, wa jengo lile la dada yangu, akaja kumwita wakacheze. Binti yangu akamjibu, “Ngoja, maman yangu akienda, nitakuja. Halafu njoo kwetu tule crêpes,” zile chapati za maji za dada yangu. Yule rafiki akauliza, na kule Laeken ulikosema? Akasema, “Kule ni kwa maman.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema kule ni shule, kule ni duka.

Kitana kilikuwa mkononi mwangu. Kilikuwa kimesimama katikati ya nywele. Iliniuma. Baada ya miezi yote ile, kitu kimoja kiliniuma, na nawaambia, niliyafurahia yale maumivu, kwa sababu nilijua sijafa. Nikamaliza kusuka. Nikapanda basi. Nilipofika kwenye jengo sikuingia kwangu, nikapitiliza hadi juu.

Papa alifungua. Nikamwambia nikiwa mlangoni, sikukaa, ingawa alinivutia kiti.

“Papa, kesho naandika ku assurance. Nitaandika kila kitu. Mutoto yangu anaita nyumba yake kwa muntu mwingine.”

Alikikalia kile kiti yeye mwenyewe. Kisha akasema, “Batanitosha mu nyumba, mutoto yangu. Minazeeka. Batasema ni miye nilibomoa nyumba ya batu.” Watamtoa ndani ya nyumba. Kwa miezi saba mzee alikuwa anaishi na hofu hiyo. Alikuwa haogi tena kwenye beseni, anaoga kwa ndoo na kopo, akisimama juu ya taulo, ili maji yasishuke kwangu. Kisha ndoo anaimwaga ndani ya beseni lilelile, na maji yakashuka tu. Sisi wawili tulikuwa tunaoneana huruma, ghorofa moja kwa nyingine, na jengo linaoza katikati.

Kesho yake nikampigia syndic, nikasema nilidanganya kwa kusema kidogo, na nilipaka rangi. Akaniuliza, una picha zozote za kabla? Sikuwa nazo. Nani anapiga picha aibu yake?

Kumbe ninyi mlipiga. Mnakumbuka? Yule maman wa wax ya kijani hawezi kufanya kazi bila kujirekodi. Ipo kwenye grupu yetu ya WhatsApp, video ya Jumatano ile. Anaanza na dari nyeusi, anasema, “Angalieni, bamaman, Shetani alipita hapa!” Anaonyesha ukuta, anaonyesha maji yakidondoka kwenye beseni. Halafu mnashuka ngazi na godoro limeota kuvu, mnaimba sauti tatu, na mimi niko nyuma na zulia kichwani. Nilikuwa sijaifungua hata siku moja. Nikaituma kwa syndic, syndic akaituma kwa bima. Donc kule ofisini kwao kuna faili ambamo kikundi hiki kinaimba. Sijui wanamsikiliza nani zaidi, soprano au alto.

Expert akarudi, kijana yuleyule. Safari hii alikuwa na kichombo chenye sindano mbili, akakichoma kwenye ukuta wangu mweupe, kikalia. Akachoma mahali pengine, kikalia. Akasema rangi ni kavu lakini ukuta umejaa maji. Papa alifungua mlango wake, amevaa tai. Fundi wa kutafuta uvujaji, aliyekuja naye, akamwaga maji ya kijani kwenye tundu la beseni la kuogea, na baada ya dakika chache tone la kijani likatoka kwenye dari yangu. Silikoni ya mtu wa kanisani haikuwa na kosa, ila ilikuwa imeziba mahali pasipovuja. Lililopasuka ni bomba la kutolea maji, chini kabisa, pasipoonekana.

Papa alisimama pale na tai yake akauliza kwa Kifaransa, sasa mimi nitashtakiwa? Yule kijana akamwambia, “Mais non, monsieur.” Hapana kabisa, bwana. Akatueleza polepole, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa, lakini someni karatasi za jengo lenu, kila jengo lina zake. Bima ya jengo tunailipa sote pamoja, kila mwenye nyumba, kwa hiyo ni yetu. Inashughulikia dari, kuta, sakafu, kutafuta uvujaji, kuvunja na kufunga tena. Na mkataba wetu umeandikwa kwamba bima haimgeukii mwenye nyumba wa jengo hilohilo ambaye bomba lake lilivuja bila yeye kukusudia. Bomba lenyewe papa atalitengeneza. Hakuna kesi. Kuandika ilikuwa ni kutoa habari tu.

Papa akakaa kwenye ukingo wa lile beseni la kuogea. Akatoa kitambaa, akafuta uso, akasema, “Na miye nilikuwa naoga mu ndoo.”

Siwadanganyi kwamba tulipata yote. Sakafu walilipa nusu, kwa sababu tulichelewa kusema na maji yalipata muda wa kuiozesha. Kitanda, godoro, kabati, zulia, nguo za mtoto, hakuna. Vitu vya ndani kila mtu anajiwekea bima yake mwenyewe, na mimi sikuwa nayo. Nilifikiri ile ya jengo inafunika hadi mto. Hata ningekuwa nayo, tulikuwa tumetupa ushahidi tukiimba.

Waliniletea mashine ya kukausha, inanguruma mchana kutwa, ina tanki ninalomwaga. Nilikuwa bado mtu wa kumwaga. Nikamuuliza fundi, ukuta ukiushika ni mkavu, mbona mashine haiondoki? Akasema ukuta hukauka nje kwanza, madame, ndani unachukua miezi. Nikaona na mimi niko hivyohivyo, na sikujilaumu tena sana.

Sasa shukrani, nisije nikasahau. Nawashukuru ninyi mamans sita, kwa kunisafishia na kwa kujirekodi. Na kwa kitanda mlichomletea mtoto, mkakipandisha kwenye ngazi zilezile. Namshukuru dada yangu kwa crêpes za miezi tisa. Namshukuru mama wa chini na rula yake. Namshukuru papa, ambaye sasa anashuka Jumamosi kuulizia dari kama mtu anayeulizia mgonjwa. Alisaidia kupaka chumba. Tulipaka manjano. Haikufanana na ile ya kwanza, tulizunguka maduka matatu, haipo. Iko hivyo.

Na somo langu ni dogo. Ukiona doa kwenye dari, piga picha siku hiyohiyo, mwambie jirani, mwandikie syndic, usitupe kitu, na mgeni wa bima akija akute nyumba yako jinsi ilivyo. Aibu utaifuta baadaye. Nani hapa ana doa kwake sasa hivi? Inueni mikono, hatutaji majina. Moja. Mbili. Maman, hata wewe? Bon, kesho nakuja kwako na simu. Usisafishe. Usinikaangie kitu.

Mtaniuliza kama nililia mtoto aliporudi. Sikulia. Nilimtandikia, nikazima taa, nikakaa kwenye korido nikimsikiliza anavyopumua, na kifua kilikuwa kisafi. Asubuhi mkono wangu uliamka kabla yangu, ukatafuta beseni. Inakuja polepole, hii kusikia. Leo mchana tulipotoka kwa dada yangu hapa karibu kuja mkutanoni, nilimuuliza mtoto kama angependa kulala huku Ixelles, kwa vile kesho hakuna shule. Yuko pale nyuma, mnamwona, amekwisha kuvaa koti na kufunga kamba za viatu. Amenijibu, hapana maman, ukimaliza kuongea, twende kwetu.

Na mimi nimemaliza kuongea.